Kinanda cha Sheffield, Masikio ya Kanga

Bendi kongwe ya Uingereza husamehewa kila kitu isipokuwa wimbo mpya. Ikirudi jukwaani na nyimbo za ujana wake, ukumbi hujaa na watu wazima huimba kama watoto wa shule. Ikitangaza kwamba wimbo unaofuata unatoka kwenye albamu mpya, watu hukumbuka ghafla kwamba wana kiu. The Human League wa mji wa Sheffield wanalijua jambo hilo vizuri. Agosti 2001 walitoa albamu iitwayo Secrets. Ilifika nafasi ya 44 kwenye chati ya Uingereza, ikashuka, na lebo iliyoitoa, Papillon, ikafungwa muda mfupi baadaye. Papillon ilikuwa imeundwa ndani ya kampuni ya Chrysalis kwa ajili ya wanamuziki wakongwe kama Jethro Tull. Kwa hiyo hata nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wazee haikuvumilia wazee.

Naandika haya nikiwa Kanga, kaskazini ya kisiwa cha Mafia, katikati ya minazi, mwendo mrefu wa barabara ya mchanga kutoka Kilindoni. Hapa chati ya Uingereza haijawahi kumnyima mtu usingizi. Ndiyo maana nadhani ni mahali pazuri pa kuisikilizia Secrets. Hoja yangu ni kwamba albamu ile haikushindwa kwa sababu nyimbo zake ni mbovu. Ilitoka katika desturi inayojua kupokea nyimbo mpya za watu wapya na nyimbo za zamani za watu wa zamani, ila haina kiti cha kumkalisha mtu mzima anayeleta wimbo mpya. Taarabu ina kiti hicho. Ngoma za huku hazina, na kutokuwa nacho kwao kunafundisha.

Kwanza kisa chenyewe. Mwaka 1980 The Human League walivunjika. Martyn Ware na Ian Craig Marsh, mafundi wa vinanda, waliondoka wakaunda Heaven 17. Philip Oakey akabaki na jina la bendi, madeni, na safari ya maonyesho ya Ulaya iliyokuwa imeshapangwa. Akaingia klabu ya Crazy Daisy pale Sheffield, akawaona wasichana wawili wanacheza, Susan Ann Sulley wa miaka 17 na Joanne Catherall wa miaka 18, wote bado wanafunzi, akawaomba wajiunge. Hawakuwa waimbaji. Mwaka uliofuata wakatoa Dare chini ya mtayarishaji Martin Rushent, albamu ya vinanda na mashine ya ngoma aina ya Linn LM-1, bila gitaa. Wimbo wake Don't You Want Me ulikaa kileleni Uingereza wakati wa Krismasi ya 1981, na mwaka 1982 ukashika nafasi ya kwanza Marekani.

Wimbo huo ni majibizano. Mwanamume anasimanga kwamba yeye ndiye aliyemwokota mwanamke kwenye kazi ya kuhudumia baa akamfanya mtu. Mwanamke anashika zamu yake na kumjibu kwa utulivu kwamba angefika tu, akiwepo au asiwepo. Msimulie kisa hiki mtu yeyote wa pwani, atakuuliza ni taarabu ya kundi gani.

Mafanikio yalileta lawama. Mwaka 1982 tawi la London ya Kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha hoja ya kutaka vinanda vya namna hii na mashine za ngoma vipigwe marufuku. Hofu ilikuwa ya riziki, kwani mpiga kinanda mmoja alikuwa anaweza kufanya kazi ya wapiga fidla ishirini. Hoja haikufika mbali, lakini lile wazo kwamba kinanda cha umeme ni udanganyifu, na kwamba anayebonyeza hapigi, lilibaki.

Miaka kumi baadaye lawama hiyohiyo, karibu kwa maneno yaleyale, ikasikika kwetu. Taarabu ya Unguja ilikuwa na heshima zake: Ikhwani Safaa tangu 1905, udi, kanuni, fidla, nai, dumbaki, wanaume waliokaa kwa mistari wamevaa vizuri. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na kuushusha muziki huo kutoka baraza za wakubwa hadi mitaani. Tanga, katika miaka ya 1960, Black Star ikatia gitaa la umeme. Kila hatua ilikuwa na wanung'unikaji wake. Lakini miaka ya 1990 ilipoleta East African Melody, na TOT ya Khadija Kopa ikishindana na Muungano ya Nasma Khamis, manung'uniko yakawa msiba. Kundi zima la ala likaingia ndani ya kinanda kimoja au viwili, Korg, Yamaha au Roland, ndugu wa vinanda vilevile vya Kijapani vilivyokuwa vikitumika Sheffield. Mdundo ukatoka kwenye mashine. Wanawake wakanyanyuka kwenye viti wakacheza. Ikaitwa rusha roho, na watu wa udi wakasema huo si muziki.

Binafsi nadhani walisikiliza mashine wakaacha kumsikiliza mpigaji. Mtazame mpiga kinanda wa taarabu ya kisasa mkono wake wa kushoto: vidole viko kwenye kigurudumu cha kupindisha sauti, kinachosukumwa nyuzi mbili tatu za unywele kabla noti haijatulia, ili ile sauti ya plastiki iteleze kama fidla ya Kimisri. Kinanda kilitengenezwa kwa ngazi ya sauti ya Kizungu, na huyu bwana kazi yake usiku kucha ni kukibishia. Sheffield hawakuwa na ugomvi huo na ala yao. Walipenda unyoofu wake, ubaridi wake, jinsi noti inavyosimama wima kama nguzo ya umeme. Hapo desturi hizi mbili zinaachana kabisa, ingawa ala ni moja, na mtu anayeziweka kwenye kapu moja la muziki wa mashine hajasikiliza yoyote kati ya hizo.

Sasa Secrets yenyewe. Ina vipande 16, na saba kati ya hivyo havina mwimbaji: Nervous, 122.3 BPM, Ran, Ringinglow, Lament, Brute, Release. Ni vifupi, vimepangwa kati ya nyimbo za kuimba, na nyimbo zenyewe, kuanzia All I Ever Wanted ya mwanzo hadi You'll Be Sorry ya mwisho, zimejengwa kwa vinanda vitupu. Kwa sikio lililozoea nyimbo za redio, vipande vile saba ni vijazio, kana kwamba wimbo umeisha bendi ikasahau kuzima mashine. Ringinglow ni jina la kijiji kilichoko ukingoni mwa Sheffield, na muziki wake unatulia namna mji unavyoachwa nyuma na uwanda kuanza. Nani ataupiga redioni?

Niliipiga albamu hii uani kwa bibi mmoja wa hapa, aliyekuwa akisuka ukili, pamoja na kijana anayefunga spika za harusi kijijini. Tulipofika kipande cha pili, bibi akainua uso.

"Mwalimu, huyo mwimbaji yuko wapi?"

"Bado, bibi. Huu ni muziki mtupu."

"Ah. Basi wageni hawajakaa."

Kijana akaitikia kwamba vipande kama hivyo ndivyo vya kukalishia watu, na ndivyo vya kupimia spika. Kwa maneno hayo machache wakawa wamekwisha kueleza kitu ambacho msikilizaji wa chati hakuwa na pa kukipata. Taarabu ya Unguja hufunguliwa kwa bashrafu, kipande cha ala tupu kilichotoka kwa Waturuki kikapitia Misri, na hakuna anayekiita kijazio. Bashrafu huwapa watu muda wa kuingia, kusalimiana, kuangaliana nguo, na masikio muda wa kutulia. Mwimbaji anayeanza kabla ya hapo hana adabu. Ukiisikiliza Secrets namna hiyo, kila wimbo umetengewa ukumbi wake mdogo, umefagiliwa na kuwashwa taa, na vile vipande saba vinaacha kuwa upungufu. Sidai kwamba Oakey aliwahi kuisikia bashrafu. Ninachosema ni kwamba alikuwa akitengeneza umbo lenye jina kwetu na lisilo na jina kwao.

Jambo la pili lilikuwa sauti za wanawake. Mwaka 2001 Sulley na Catherall walikuwa na miaka 38 kila mmoja. Sauti zao hazikuwahi kuwa kubwa. Zilikuwa sauti za wasichana wa kawaida waliopewa kipaza sauti, na huo ndio ulikuwa utamu wake mwaka 1981. Kwenye Secrets zimeshuka kidogo, zimekauka ukingoni, na zinapolalamika unasikia mtu aliyewahi kulalamika kabla. Bibi alisikiliza wimbo mmoja mzima kisha akasema, "Hawa wameshazaa." Hakuwa akikisia habari za nyumbani kwao. Alikuwa akiwasifu.

Katika muziki wa chati, umri wa mwimbaji wa kike ni deni linaloongezeka riba. Katika taarabu ni mtaji. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa bibi kizee, akaendelea kuimba karibu hadi kufa kwake Aprili 2013, na hakuna aliyemtaka aimbe kama msichana. Hata ukiacha mfano huo mkubwa mno, tazama mambo ya kawaida: nani atamwamini binti wa miaka 19 akiimba juu ya uke wenza, juu ya shoga aliyegeuka adui, juu ya mume anayerudi alfajiri? Wimbo wa namna hiyo unataka mwimbaji mwenye ushahidi. Shakila Saidi, aliyefariki Agosti 2016, aliimba kutoka ujana wa Tanga hadi utu uzima wa JKT Taarab, na kadiri alivyokua ndivyo alivyoaminika. Laiti Sulley na Catherall wangezaliwa Ng'ambo ya Unguja, mwaka 2001 ndio kwanza wangekuwa wanaanza kuitwa Bi.

Kuna suala la muda pia. Chati wakati ule ilihesabu mauzo ya wiki moja. Albamu ya bendi kongwe hununuliwa na wapenzi wake wa damu wiki ya kwanza, hupanda hadi pale wanapoweza kuifikisha, kisha huanguka, na duka hurudisha zilizobaki ili kupata nafasi. Bendi iliyohitaji miezi sita ya kusikilizwa ilipewa siku chache, halafu mlezi wake akafunga mlango. Wimbo wa pili wa kuitangaza albamu, Love Me Madly?, ulikuja kutolewa mwaka 2003 na kampuni ndogo mno, Nukove, kama mtu anayeleta salamu za rambirambi baada ya arubaini.

Kanga wimbo hauna wiki ya kwanza. Zamani ulifika kwa redio ya betri, au kwa kanda iliyotoka Kariakoo mfukoni mwa mtu aliyepanda jahazi. Siku hizi hufika kwenye flashi iliyojazwa Dar es Salaam na kuvuka kwa boti kutoka Nyamisati. Ukifika, swali la kwanza kuulizwa ni wa nini. Wa kumtoa bi harusi ndani? Wa kumrusha roho jirani? Wa kumtunza mama mzaa chema, noti mkononi, kiuno kikizunguka polepole? Wimbo uliopata kazi hubaki miaka ishirini. Usiopata kazi hufutwa ili kupisha picha za arusi, hata kama umetoka jana na Dar nzima inauimba. Sifa ya upya ni ndogo kuliko sifa ya kufaa. Sisemi ni mfumo wa haki. Nyimbo nzuri zisizokuwa na kazi ya harusini hupotea bila mtu kugeuza shingo. Lakini hakuna wimbo unaokufa kwa sababu mwimbaji wake amefikisha arobaini.

Ngoma za mashetani ni kinyume. Kaskazini ya Mafia ngoma hizi zimeandikwa kwa kirefu na Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefika mara ya kwanza mwaka 1965 akarudi tena na tena kwa miongo kadhaa. Katika ngoma ya mashetani wimbo mpya si zawadi. Kila shetani ana mdundo wake na wimbo wake; ukipigwa, anapanda, mgonjwa anatikisika, kazi inaanza. Mpigaji anayetaka kuonyesha ubunifu wake hapo anamharibia mganga usiku mzima. Kinachotakiwa ni kilekile, sawasawa, kwa mikono inayokijua.

Nikitazama maonyesho ya siku hizi ya The Human League, na bado wanazunguka, Oakey na wenzake wawili walewale wa Crazy Daisy, naona kitu hicho. Watu wamekuja wapandishwe. Ule mlio wa kinanda unaofungua Don't You Want Me unajulikana kabla haujamaliza pumzi yake ya kwanza, na ukumbi wenye watu wa miaka 55 unatikisika, kila mmoja amepandwa na mwaka 1981. Waingereza hujisifu kuwa watu wa kupenda jipya, lakini kwa wakongwe wao wanaendesha ngoma ya mashetani bila kumlipa mganga. Hilo si tusi kwa upande wowote. Ngoma ile ina kazi yake na inaifanya. Taabu ni kwamba Secrets ilipelekwa kwenye chati, inayotaka wageni, na kwenye ukumbi, unaotaka mdundo wa shetani wake, na mlango wa tatu haukuwepo.

Kuhusu kuvunjika kwa bendi nitasema kidogo tu, kwa sababu hapa Sheffield wanatushangaza. Ware na Oakey walitengana kwa uchungu, wakafanya kazi katika mji uleule, na sijui wimbo hata mmoja wa kupigana vijembe uliotoka humo. Kwetu mgawanyiko kama huo ungelisha kumbi kwa miaka kumi. TOT na Muungano waliishi kwa kupeana mipasho. Wimbo wa huyu ulikuwa nusu tu ya kitu, nusu ya pili ikisubiriwa wiki mbili baadaye kutoka kwa mwenziwe.

Lakini nisijifanye kwamba pwani ni pepo ya kazi za utu uzima. Tuna usahaulifu wetu, na unamla zaidi huyuhuyu mtu wa kinanda. Wakusanyaji wa Ulaya waliotoa CD za taarabu, kuanzia GlobeStyle ya mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mfululizo wa Zanzibara wa Buda, wametuhifadhia hazina, na wamependelea waziwazi udi, fidla na akordioni. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kinawafundisha vijana kanuni na udi, na kinafanya vyema. Nani ameweka mahali pamoja rekodi zote za East African Melody, za awali na za mwisho, zenye majina ya waliopiga? Jahazi ya Mzee Yusuf ilitawala harusi za Mafia kwa miaka mingi. Mwaka 2016 akatangaza kuacha muziki kwa ajili ya dini, na baadaye akarudi, lakini aliporudi spika zilikuwa zimeshatekwa na singeli, na watu walizitaka zile zake za kwanza. Remmy Ongala, mfalme wa dansi wa Dar es Salaam, alimalizia maisha yake, yaliyokatika Desemba 2010, akiimba injili. Mtaje jina lake popote, utaimbiwa nyimbo za Super Matimila. Injili zake utaimbiwa na wachache mno. Kwa hiyo kiti nilichokisifu kipo, lakini ni cha mwimbaji wa taarabu, hasa mwanamke, tena awe bado anaitwa kwenye harusi. Nje ya hapo na sisi tunapandisha mashetani ya zamani tu.

Na kuna kasoro moja ya Secrets ambayo sikio la Kanga halitaisamehe, hata liwe na hisani namna gani. Maneno. Muziki wake una vyumba na pazia. Maneno yake yamesimama sebuleni mchana kweupe. Oakey ni mtunzi wa kusema lililopo: nakutaka, umenidanganya, utajuta. Hilo lilifaa sana katika majibizano ya 1981, ambapo wasemaji ni wawili na kila mmoja anamfichua mwenzake. Katika albamu ya watu wazima unatarajia mafumbo, jambo lenye tabaka la wageni na tabaka la wenyewe. Nilimtafsiria bibi yule majina ya baadhi ya nyimbo. Tulipofika Liar, yaani Mwongo, aliacha kusuka.

"Wanamwita hivyo hivyo? Mbele za watu?"

Nikamwambia ndiyo, na kibwagizo kinalirudia.

Alicheka hadi ukili ukamtoka mapajani. Wimbo kama huo ukipigwa hapa, alisema, kwa mwenyekiti wa kijiji mtafika kabla ya ubeti wa pili, na watakaokwenda kulalamika watakuwa watu watano, kila mmoja akisema ni yeye aliyeimbwa.